Turbo ya Kupandia Mushaki

Sake, mwaka 2010

Jumatatu, 1 Machi

Ninaandika kwa sababu katika nyumba hii hakuna wa kunisikiliza, na daftari angalau halitaniambia nipunguze sauti.

Jana wamegawa vitu vya Papa, baba yetu aliyefariki mwaka jana. Archange, mkubwa wetu, amechukua malori mawili. Trésor, kitinda mimba, amechukua lori la tatu, lile la buluu. Mimi Kyakimwa, niliyekaa miaka kumi na miwili nyuma ya kaunta ya duka letu la vipuri, ninayejua kwa kidole tu kama beringi ni nzima au imekwisha, nimepewa kile kigari chekundu kilicholala chini ya turubai tangu Papa alipokinunua kwa Mbelgiji wa shamba la chai aliyekuwa anakimbilia kwao. Milango miwili, viti viwili, tumbo linakaribia kugusa udongo. Archange aliponipa ufunguo alicheka.

"Dada, hii njo mutuka ya bamademoiselle."

Gari la wasichana! Nina miaka thelathini na nne.

Wala si gari tu linaloniuma. Kwetu, anayekaa mezani familia inapokata maneno ya kazi ni yule tu aliyepandisha gari lake kutoka hapa Sake hadi Mushaki, juu mlimani, bila kusimama. Sheria hiyo ni ya Papa. Lori lake la kwanza, mwaka sabini na nne, lilipanda mlima ule likiwa limejaa chumvi na sabuni, halikusimama hata mara moja. Tumeisikia hadithi hiyo kila Noeli. Archange alipanda, akakaa. Trésor alipanda akiwa na miaka ishirini na moja, akakaa. Mimi husikilizia kwenye dirisha la jiko. Sasa wameamua: siku ya kuondoa matanga ya Papa, tarehe 6 Juni, kama kigari hakijapanda, kitauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na habari ya mimi kukaa mezani imekwisha.

Mama yetu, Béata, alikuwapo wakati wote huo, amevaa nyeusi yake ya ujane. Alinyamaza.

3 Machi

Mvua tangu asubuhi. Nimeuza buji moja, plagi ya kuwashia injini.

7 Machi, Jumapili

Nimeondoa turubai. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha abiria.

Nimemwita Papa Léonard, fundi anayetengenezea malori nyuma ya duka letu. Ni Mhunde wa kule juu Nyabiondo. Alishuka akikimbia vita na watu tisa wa nyumba yake, na sasa wanaishi kambi ya wakimbizi, nje kidogo ya Sake. Nimemwita yeye kwa sababu katika ujana wake alimfanyia kazi yule Mbelgiji, na hakuna mtu mwingine katika Masisi nzima aliyewahi kufungua injini ya namna hii.

"Hii motere haina pistoni, dada," alinieleza. "Mule ndani muko bintu bibili bya pembe tatu, binazunguka kama mwiko mu bugali. Ku kila pembe kuko ka lame ka chuma, kama wembe, kanakwangula ukuta. Ile lame inapenda mafuta. Unaona haka katuyo, haka kamrija? Kanaidondoshea mafuta kidogo kidogo, inayachoma. Ukiona moshi ya buluu usiogope. Njo chakula yake."

Nilimwuliza kama itapanda Mushaki. Alikuna kichwa. "Tutaona." Kwa mtu huyu kila kitu ni tutaona.

14 Machi

Tumejaribu kupanda baada ya misa. Aibu tupu.

Tulishaweka buji mpya, tukaliinua gari kwa springi za kombi ili mawe ya lava yasilitoboe. Kona ya kwanza lilipita likilia. Kwenye kona ya pili likaanza kuhema, likahema, likafa. Lori la viazi lilikuwa linashuka, na dereva akasimama makusudi ili acheke vizuri. Wanawake waliobeba kuni walinipita kwa miguu, na mmoja akaniambia pole kwa namna ambayo heri angenitukana.

Nilipiga gurudumu teke. Papa Léonard alingoja nimalize.

"Haiko mugonjwa," alisema. "Iko inakosa pumuzi. Huku kwetu ku milima hewa iko kidogo. Hata ule Muzungu alikuwa anaitembeza tu ku Goma, fasi iko sawasawa, hakuna mulima."

"Sasa tufanye nini?"

"Tuipatie pumuzi ya nguvu. Tutie turbo."

Turbo naijua, nimeuza vipuri vyake. Ni kama konokono wa chuma: moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ndogo upande mmoja, na hiyo inazungusha feni mwenzake upande wa pili, inayosukuma hewa ndani kwa lazima. Lakini sijawahi kusikia mtu aliyeifunga kwenye gari ambalo halikuzaliwa nayo. Papa Léonard anasema kule Kibua, upande wa Walikale, kuna jeep ya dizeli iliyokufa kando ya barabara, injini imetoboka lakini turbo yake inazunguka bado. Mama Olga, anayetuletea mawese kutoka huko, anaweza kuibeba.

Kwa mara ya kwanza tangu wagawe mali nimelala mchana, tena usingizi mzuri.

15 Machi

Archange amesikia. Amekuja dukani na miwani yake ya jua, siku ya mvua.

"Turbo? Ile ni mayele, bujanja ya wizi. Papa alisemaka mutuka ipande na nguvu yake yenyewe."

"Na lori yako?"

"Lori yangu imefanya nini?"

"Iko na turbo. Ilitoka nayo ku kiwanda."

Alifikiri. "Lori ni lori," alisema, akaondoka. Hilo ndilo jibu la mtu aliye na kiti mezani. Hana haja ya jibu lingine.

Mama alikuwa anachambua maharage mlangoni, alisikia kila neno. Hakuinua kichwa. Nilimsimamia mbele nikamwuliza, "Mama, na wewe unaona ni haki?" Aliniambia nisogee, ninamzibia mwanga.

22 Machi

Mama Olga ameondoka kwenda Kibua. Nimempa kipimo cha turbo, nimekichora kwenye kadibodi.

26 Machi

Nimenunua petroli kwa wale vijana wa chupa za barabarani. Nusu ni maji. Nimewarudishia chupa nikiwa nimekunja mikono ya blauzi, wakakumbuka ghafla kwamba nyuma walikuwa na nyingine safi.

2 Aprili, Ijumaa Kuu

Papa Léonard hajaonekana siku ya tatu. Nimekwenda kumtafuta. Yuko katika kishamba cha kuazima, anapalilia maharage na mkewe! Bomba la moshi limekatwa vipande viwili, liko chini kwangu kama mbuzi aliyechinjwa, na yeye anapalilia.

"Mvua iko nzuri, dada," alisema.

Nilimwambia mambo. Nilimwambia kwamba wanaume wote ni wamoja, kwamba kama gari lingekuwa la Archange angelala chini yake. Aliendelea kupalilia. Mkewe alinitazama tu, amechutama, mikono imejaa udongo. Nilipogeuka kuondoka niliona watoto wanaokota mizizi ya magugu, na mkubwa wao alikuwa amevaa shati ambalo nililitupa mwaka jana.

Bado nina hasira, ila sijui tena nimkasirikie nani.

4 Aprili, Pasaka

Nimepeleka unga kambini. Sikueleza kwa nini, naye hakuuliza. Amesema Jumanne atarudi kazini.

11 Aprili

Barabara ya Walikale imefungwa. Wanasema watu wenye silaha wameingia Kibua, kijiji kimemwagika porini, na wengine wamefika hadi Kalembe wakiwa na nguo walizovaa tu. Habari zinaletwa na waendesha pikipiki, na kila mmoja ana zake.

Nilikimbilia kwa mama yake Olga. Na hapa nitaandika kama ilivyokuwa, maana daftari la uongo halina kazi: neno langu la kwanza mlangoni lilikuwa, "Alishaipata ile turbo?" Mama yule mzee alikaza kitenge chake kiunoni. Kisha akasema Olga hajapiga simu siku ya nane. Nilikaa chini kwenye kizingiti chake. Nilijichukia sana.

12 Aprili

Hakuna habari.

13 Aprili

Hakuna.

14 Aprili

Hakuna. Archange amepita kuniuliza, kwa upole kabisa, kama nataka auze kigari mapema kabla bei ya chuma haijashuka. Nimemrushia filta.

19 Aprili

Olga amefika! Miguu imevimba, sandali moja tu, na juu ya pikipiki pipa dogo la mawese. Alilala porini siku tano na wenyeji wa Kibua, akala mihogo mibichi. Nilimkumbatia hadi akalalamika.

Turbo ilikuwa ndani ya pipa. Kwenye bariere ya kwanza, kile kizuizi cha barabarani, askari walitaka kujua amebeba nini. Akawaambia mawese. Mmoja akachovya fimbo hadi ikagota kwenye kitu.

"Nikasema ndani ya roho, nimekufa," alisimulia. "Lakini asubui ile ilikuwa baridi sana, mafuta ilikuwa imeganda. Nikamuambia, chef, ni mafuta ya chini, imekuwa ngumu. Akapiga piga tena, akasema kweli iko ngumu. Akajaza gamela yake, ile bakuli ya baaskari, na mafuta ya juu juu, nikapita."

Tumeichemsha turbo katika sufuria kubwa nusu siku. Duka lote linanukia kama sombe, kisamvu cha mawese. Papa Léonard aliipuliza kwa mdomo na feni ikazunguka. Alicheka, nami sikujua kama ana meno mengi hivyo.

24 Aprili

Tunachomelea. Umeme wa jenereta unakatika, tunangoja, tunaendelea.

3 Mei

Papa Léonard amegeuza kila kitu. Kabureta sasa iko kabla ya turbo, hewa na petroli vinapita pamoja. Ametanua tundu la petroli kwa sindano ya kushonea magunia, maana injini ikipewa hewa nyingi na petroli kidogo itaungua. Amerudisha moto wa buji nyuma kidogo. Ametoboa njia ya mafuta ya kulainisha turbo yenyewe. Nilishika taa, nilishika koleo, na siku ya pili aliniachia koleo nifunge mwenyewe. Katika miaka kumi na miwili ya kuuza vyuma, hakuna aliyewahi kuniachia koleo.

8 Mei

Imewaka. Ukikanyaga mafuta inapiga mluzi kama birika. Wauza nyanya wamekuja kuangalia nani anachemsha chai.

16 Mei

Tumeijaribu mlimani. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, mluzi unaongezeka, mgongo wangu unabanwa kitini. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Kwenye kona ya tano tulikutana na watu wanashuka na magodoro vichwani, risasi zinasikika nyuma ya Mushaki. Tuligeuza. Nilimteremsha bibi mmoja na mbuzi wake, wamekaa kwenye kiti cha abiria, mbuzi akala mkanda wa kiti.

Hawa wenye bunduki hawawezi kuuacha mlima mtu akaupanda jamani, hata mara moja?

Trésor alikuwa ananifuata na lori lake. Tulipofika chini uso ulikuwa umemshuka.

"Dada, iko inavuta moshi mubaya. Ya buluu. Bazee betu ba Butembo bakikuya ku matanga, Papa Camille na bengine, batasema motere ishakufa."

Kweli, hapa Sake mtu akinunua gari haangalii kitu kingine kwanza. Moshi wa buluu, anakwenda zake. Nilimwambia ndiyo chakula chake. Alitikisa kichwa kama anayemsikiliza mgonjwa.

23 Mei

Nimegombana na Mama. Nilimwambia afungue mdomo wake siku moja tu, aseme kwa wanawe kwamba nami ni mtoto wake. Nilimwambia kimya chake ni upande, na upande wenyewe si wangu. Alikuwa anakunja nguo. Alikunja hadi ya mwisho.

"Miye niko mu matanga," alisema. "Mujane haongeleake mambo ya bwana yake mpaka avue nyeusi."

Desturi! Wanaume wamegawa malori ya marehemu kabla hata matanga hayajaondolewa, hakuna desturi iliyowazuia. Lakini mdomo wa mwanamke, huo una desturi. Nilibamiza mlango hadi bawaba ikalegea, na jioni nikalazimika kuirudishia mwenyewe.

29 Mei

Archange ameingia karakanani bila kubisha. Aliinama, akaangalia mahali bomba linaposhikana na turbo, akagusa. "Hapa itapasuka," alisema. "Moto ya hii motere ni kali." Nilimfukuza. Alikuja kuchungulia, kutafuta mahali pa kuharibu.

31 Mei

Imepasuka. Pale pale alipogusa. Tumeunga upya kwa bamba nene. Sijamwambia.

4 Juni

Papa Camille, mdogo wake Papa, amefika kutoka Butembo na wazee wawili. Amezunguka kigari akiwa amefunga mikono nyuma. Kisha akaenda kula. Archange amelala huko huko uani, karibu na gari. Simwamini.

7 Juni, Jumatatu

Jana sikuweza kuandika. Leo nitaandika yote.

Misa ya asubuhi ilikwisha saa nne. Mama alivuliwa nyeusi na wanawake wa parokia, akavalishwa kitenge cha njano, akaonekana mdogo, kama mtu aliyetoka hospitali. Kisha tukaenda chini ya mlima. Papa Camille ndiye shahidi, kwa hiyo alikaa kando yangu, magoti yakimgusa kidevu. Mama alipanda katika kabini ya lori la Archange, nyuma yetu. Papa Léonard alikaa juu ya shehena na vifaa vyake, na Trésor alifuata na lori lake la buluu.

Bariere ya askari iko pale Mushaki barabara inapolala. Hapo kila gari husimama, taka usitake, kwa hiyo hapo ndipo mwisho wa sheria ya Papa. Askari walikuwa wamekaa kwenye benchi, wameshapata habari, wanangoja mchezo.

Niliondoka. Kona ya kwanza, mluzi. Ya pili, pale nilipochekwa, tulipita kama hatujui jina lake. Ya tatu. Papa Camille alishika dashibodi kwa mikono miwili, akaanza Salamu Maria kwa Kinande. Kwenye ya nne tulilipita lori la viazi, nami nikampigia honi dereva wake ingawa sijui kama ndiye yule. Nilitazama kioo cha nyuma: hakuna moshi. Barabara safi kabisa. Nami mjinga nilifurahi! Nilijisemea, tazama, hata moshi umeiheshimu siku hii. Miezi mitatu nimeelezwa kwamba moshi ule ndio chakula chake, na siku ulipokosekana nilifurahi.

Baada ya kona ya sita kulitoka mlio mdogo, kama kijiko kikianguka ndani ya kikombe. Injini ikaanza kutetemeka. Nilikanyaga mafuta, mluzi ukashuka badala ya kupanda. Kona ya saba tuliichukua kwa mwendo wa mtu mwenye mimba. Niliiona bariere, ile kamba na vitambaa vyake, niliona hata rangi ya kopo la askari mmoja. Zilibaki hatua mia moja. Gari lilisimama.

"Imesimama," alisema Papa Camille, kana kwamba kuna aliyekuwa na shaka.

Archange alisimamisha lori nyuma, akaruka chini, akaokota jiwe kubwa kando ya barabara na kulisukuma nyuma ya gurudumu langu ili gari lisirudi. Papa Léonard alifungua boneti. Hakutafuta sana. Alitoa kale kamrija ka mafuta, akanionyesha: kamezibwa kwa msumari, kakakazwa na waya.

"Imekauka ndani," alisema. "Lame imevunjika." Sauti yake ilikuwa ya msiba.

Sikungoja. Nilimwendea Archange mbele ya wazee, mbele ya askari, mbele ya wenye viazi wote waliokuwa wametufikia. Nilimwita mwizi. Nilimwita mchawi wa damu yake. Nilimwambia alilala karibu na gari kama fisi, kwamba Papa angefufuka angemtemea mate. Nilisema mengi, na mengine siwezi kuyaandika. Alisimama tu, mikono ina udongo wa lile jiwe. Hakujitetea, nami nikaona hiyo ndiyo hatia yenyewe.

"Dada." Ni Trésor. Alikuwa analia waziwazi, mwanaume wa miaka ishirini na sita. "Njo miye. Juzi. Nilizibaka katuyo sababu ya moshi. Nilisema itakuwa propre, safi, basikucheke. Nilitaka basikucheke tu."

Ningejua la kufanya na adui. Na mtu anayekuua kwa kukuonea huruma, unamfanya nini? Hakuuliza! Nilimweleza kwa mdomo wangu huu, akatikisa kichwa, akaenda kunitibu. Hata mapenzi yao hayasikilizi mtu. Nilikaa juu ya jiwe lingine, nikageuzia wote mgongo.

Archange ndiye aliyefunga kamba, akanivuta hadi juu, akageuza, akatushusha polepole. Njiani kushuka Papa Léonard alishika usukani wa kigari, nami niliketi kando ya Archange, maana Mama alikuwa amehamia kwa Trésor. Nilimwambia, "Nisamehe." Alisema, "Nililala pale sababu baaskari bameanza kuiba batri."  

Saa tisa walikaa mezani: Papa Camille, Archange, Trésor. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la jiko, mahali pangu. Mama alikuwa anakata kitunguu. Papa Camille alisema kwa huzuni ya kupendeza kwamba ameona kwa macho yake, mtoto amejitahidi, lakini sheria ya marehemu ni sheria, gari limesimama, liuzwe, na maneno ya kazi yaendelee na wenye kazi.

Mama aliweka kisu. Alipangusa mikono kwenye kile kitenge kipya, akaingia, akavuta kiti cha Papa ambacho mwaka mzima hakuna aliyekikalia, akakaa.

"Shemeji," alianza Papa Camille, "tuko ku kazi."

"Najua. Niko na neno ya kazi." Sauti yake haikupanda. "Ile mwaka sabini na ine, ile kamyo, lori ya kwanza, ilisimama."

Trésor aliweka kikombe chini.

"Ilisimama mara kumi na moya. Breki haikuwa inashika. Kila mara inasimama, muntu anaruka na jiwe, anatia nyuma ya gurudumu. Hatukukuwa na convoyeur, ule utingo. Ule muntu njo ilikuwa miye."

"Kaka yangu alisema..."

"Alisema, ndiyo. Alinikataza nisiseme, na nilimuheshimu. Leo asubui nimevua nyeusi." Alianza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama anayetaja watoto. "Ku kona ya kwanza mara moya. Ya pili mara mbili. Ya tatu nilitapika, sababu nilikuwa na mimba yako, Archange, miezi saba. Papa yako akasema nipumuzike. Nikasema nani atatia jiwe?"

Archange alikuwa anatazama meza. Alisema kwa sauti ndogo, "Hata miye nilisimama. Mara moya. Ku ya sita."

"Miye mara mbili," alisema Trésor.

Nilisikia hasira inanipanda kutoka miguuni. Wote! Miaka yote hiyo, kila Noeli, wote wamekaa pale juu ya uongo mmoja, na mimi nimechomelea, nimechemsha chuma katika mawese, nimetukana watu wema, ili nifikie kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekifikia. Niliingia bila kuitwa. Nilikuwa na maneno ya kuwatosha hadi Noeli nyingine. Lakini nilipofika mezani nilimwona Mama amekaa mwanzoni kabisa mwa kile kiti, kama mgeni, na nikakumbuka jinsi miezi hii yote nilivyohesabu kimya chake kama deni langu. Nilitaka kiti, kiti, kiti. Sikuwahi kuuliza yeye anakaa wapi.

"Kyakimwa, kaa," alisema. "Tuko na kazi. Kwanza, ile motere itafunguliwa na wewe na Papa Léonard, na Trésor njo atatafuta lame ya ingine. Camille, uko na neno?"

 Archange alisimama, akanipisha kiti chake, akaenda kuegemea ukuta.

Nilikaa. Nilimwuliza Mama lile jiwe lilikuwa kubwa kiasi gani. Alinyanyua mikono miwili kuonyesha, akaitanua, akaitanua tena kidogo, akaiacha hapo mbele ya tumbo lake ili wote waone.